Mbuzi kwenye gunia: Marekani ilinunua nini hasa mwaka 1803?

Mtu anayetaka kununua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anazijua taratibu, hata kama hazifuati zote. Unamwuliza dalali kama anayeuza ndiye mwenye mali. Unataka kuziona bikoni. Unaongea na jirani, kisha unapita hapo siku nyingine jioni, bila dalali, uone kama hakuna mtu anayelima mihogo mle ndani. Aliyeziruka hatua hizo tunamjua, kila ukoo unaye mmoja: aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na kesi yake haijaisha mpaka leo.

Mwaka 1803 Marekani, taifa lililokuwa na umri wa miaka 27, ilinunua kutoka kwa Ufaransa eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni 2. Muuzaji alikuwa bado hajakabidhiwa mali anayoiuza. Mipaka hakuna aliyeijua. Na ndani yake waliishi watu wenye mashamba, mawindo, miji na majeshi yao, ambao hawakuulizwa neno. Hata hivyo ununuzi huo husifiwa kuwa biashara bora ya ardhi kupata kufanyika: dola milioni 15, yaani chini ya senti 3 kwa ekari. Nimekutana na hesabu hiyo ya senti 3 mara nyingi, na kila mara inanipa wasiwasi ule ule wa kutajiwa bei nafuu mno. Bei ikiwa hivyo, ama hati ina kasoro au kuna mtu mwingine anayelipa tofauti. Hapa yalikuwepo yote mawili.

Jina la nchi yenyewe lisitupoteze. Louisiana ya leo ni jimbo moja tu, kwenye mdomo wa Mto Mississippi. Louisiana iliyouzwa ilikuwa bonde lote la magharibi ya mto huo, kuanzia Ghuba ya Mexico hadi nyanda zinazopakana na Kanada, na kuanzia kingo za mto hadi Milima ya Rocky. Majimbo 15 ya leo yametoka humo, mengine mazima mazima kama Missouri, Iowa, Arkansas na Nebraska, mengine vipande vipande. Ukizijumlisha Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, bado hujaufikia ukubwa wake.

Ufaransa iliipataje? Mwaka 1682 mpelelezi aitwaye La Salle aliteremka mto huo kwa mitumbwi hadi baharini, akasimamisha nguzo, akasoma tamko, na kutangaza kwamba bonde zima ni mali ya mfalme wake, Louis wa 14. Ndiyo asili ya jina. Waliokuwa wakiishi kwenye bonde hilo hawakujua kwamba siku hiyo wamepata mwenye nyumba. Mwaka 1718 Wafaransa wakajenga mji wa New Orleans. Mwaka 1762, vita vyao na Uingereza vikiwaendea vibaya, wakaikabidhi Hispania sehemu ya magharibi. Mwaka 1800 Napoleon akaitaka tena, na kwa mkataba wa siri Hispania ikakubali kuirudisha, kwa ahadi kwamba mkwe wa mfalme wake atapewa ufalme mdogo kule Italia. Hispania iliweka sharti moja: Ufaransa isije ikaitoa nchi hiyo kwa taifa lingine lolote. Ikaahidiwa.

Kwa nini Rais alitaka bandari tu

Thomas Jefferson hakuwa na mpango wa kununua bonde zima. Alikuwa na tatizo la usafirishaji.

Wamarekani waliovuka milima ya Appalachia na kulima Kentucky, Tennessee na Ohio walikuwa na ngano, tumbaku na nyama ya nguruwe za kuuza, lakini kuzipandisha milima kwa mikokoteni hadi miji ya pwani ya mashariki kuligharimu kuliko mazao yenyewe. Njia yao ilikuwa mto. Walipakia kwenye majahazi bapa, wakayaachia maji yawapeleke kusini hadi New Orleans, na hapo mizigo ikasubiri meli za baharini. Mkulima wa Kentucky aliitazama New Orleans kama mfanyabiashara wa Bujumbura anavyoitazama bandari ya Dar es Salaam: si mji wake, si nchi yake, lakini ukifungwa geti lake, yeye ndiye anayekwisha.

Kwa mkataba wa 1795 Hispania iliwaruhusu kupita na kuhifadhi mizigo yao hapo bila ushuru. Oktoba 1802 ofisa wa Hispania mjini New Orleans akaifuta ruhusa ya kuhifadhi. Wakulima wa magharibi walipandwa na hasira, wengine wakataka vita. Na kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuvuja kwamba mwenye mji huo si Hispania dhaifu tena, anakuja Napoleon. Miezi kadhaa kabla, Aprili 1802, Jefferson alikuwa amemwandikia balozi wake mjini Paris, Robert Livingston, kwamba kuna mahali pamoja tu duniani ambapo yeyote atakayepamiliki ni adui yao wa asili, napo ni New Orleans. Maneno hayo aliyaandika mtu aliyewapenda Wafaransa kuliko karibu wanasiasa wenzake wote.

Basi akamtuma James Monroe akamsaidie Livingston. Kongresi ilitenga dola milioni 2, ingawa wajumbe hao walikuwa na ruhusa ya kupanda hadi zaidi ya milioni 9. Walichotumwa kununua ni mji wa New Orleans, na Florida ikiwezekana. Ng'ambo ya mto haikuwa kwenye orodha.

Aliyeshusha bei

Simulizi nyingi hupita haraka hapa, kana kwamba Napoleon aliamka siku moja akachoka na Amerika. Mimi naona hapa ndipo penye kiini cha habari nzima, na kiini hicho hakiko Paris wala Washington. Kiko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Bahari ya Karibi, ambalo leo tunaliita Haiti.

Kabla ya 1791 Saint-Domingue ilikuwa koloni lenye faida kuliko makoloni yote ya dunia ile. Sukari na kahawa yake ililisha Ulaya. Waliozizalisha walikuwa watumwa karibu nusu milioni, wengi wao wamezaliwa Afrika, kwa sababu kazi ya miwa iliua watu upesi kuliko walivyoweza kuzaana, na pengo lilijazwa kwa meli nyingine kutoka Afrika. Agosti 1791 waliasi. Miaka kumi baadaye koloni lilikuwa mikononi mwa Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, na utumwa ulikuwa umefutwa.

Napoleon alitaka kuurudisha. Mpango wake ulikuwa na sehemu mbili zinazotegemeana: Saint-Domingue izalishe sukari, na Louisiana ilishe Saint-Domingue kwa unga, nyama na mbao. Bila kisiwa, Louisiana ilikuwa ghala lisilo na jiko. Mwishoni mwa 1801 alituma jeshi kubwa, zaidi ya askari 20,000, chini ya shemeji yake Jenerali Leclerc. Toussaint alikamatwa kwa hila Juni 1802 na kupelekwa kwenye ngome ya Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Ufaransa, alikofia Aprili 1803.

Lakini habari zilipofika kwamba utumwa umerudishwa kisiwa cha jirani cha Guadeloupe, watu wa Saint-Domingue walielewa kilichokuwa kinawajia. Vita vikawa vya kufa na kupona, chini ya Jean-Jacques Dessalines na wenzake. Homa ya manjano ikawasaidia. Wafaransa walikufa kwa maelfu, na Novemba 1802 Leclerc mwenyewe akafa kwa homa hiyo. Jeshi jingine lililoandaliwa kwenda kuikalia Louisiana lilinaswa na barafu bandarini Uholanzi msimu huo wa baridi, likabaki huko huko.

Napoleon alipopiga hesabu mwanzoni mwa 1803, kisiwa kilikuwa kimekwenda, vita na Uingereza vilikuwa mlangoni, na Louisiana ingetekwa na jeshi la majini la Waingereza mara tu risasi ya kwanza itakapolia. Ukiwa na mali utakayonyang'anywa mwezi ujao, unaiuza mwezi huu. Tarehe 11 Aprili alimwambia waziri wake wa hazina, Barbé-Marbois, kwamba anaiachia Louisiana, na si New Orleans peke yake bali koloni zima. Siku hiyo hiyo waziri wa mambo ya nje, Talleyrand, akamwuliza Livingston: mtatoa kiasi gani kwa yote? Livingston alikuwa mzito wa kusikia. Mtu anaweza kumwelewa kama alidhani hakusikia vizuri.

Haiti ilitangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Marekani, iliyopata bara kwa damu ya watu wale, ilikuja kupiga marufuku biashara na nchi yao mwaka 1806, na haikuitambua kama taifa hadi 1862. Ufaransa iliitambua mwaka 1825, kwa masharti ya kulipa fidia ya faranga milioni 150 kwa hasara za wenye mashamba na watumwa. Tukumbuke kwamba Louisiana nzima, pamoja na madeni yaliyofutwa, iliuzwa faranga milioni 80. Kiasi cha Haiti baadaye kilipunguzwa hadi milioni 90, ambacho bado kilizidi bei ya Louisiana nzima.

Malipo, na Katiba isiyosema kitu

Mkataba umeandikwa tarehe 30 Aprili 1803. Faranga milioni 60 zilikwenda kwa Ufaransa, sawa na dola 11,250,000. Nyingine milioni 20, sawa na dola 3,750,000, Marekani iliahidi kuwalipa raia wake wenyewe waliokuwa wakiidai Ufaransa kwa meli na mizigo iliyokamatwa.

Marekani haikuwa na fedha hizo. Mapato ya serikali kwa mwaka mzima hayakufika dola milioni 15. Kwa hiyo ilitoa hati fungani zenye riba ya asilimia 6, na Napoleon, asiyetaka kusubiri miaka, akaziuza kwa punguzo kwa benki mbili: Hope ya Amsterdam na Baring ya London. Ndiyo, London. Vita vilianza tena mwezi Mei, na benki ya Uingereza ikawa inasaidia kumpatia Napoleon fedha za kupigana na Uingereza. Kwa riba zote, deni lilikuja kufika kiasi cha dola milioni 23.

Habari zilitangazwa Washington tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, na Jefferson akabaki na kizungumkuti cha aina yake. Maisha yake yote ya siasa alihubiri kwamba serikali kuu haina mamlaka isipokuwa yale yaliyoandikwa kwenye Katiba. Katiba haikusema popote kwamba Rais anaweza kununua nchi. Alianza kuandika rasimu ya marekebisho ya Katiba. Lakini mkataba ulitaka uidhinishwe ndani ya miezi sita, na Livingston alikuwa anaonya kutoka Paris kwamba Napoleon anaweza kubadili nia. Jefferson akaiweka rasimu kando. Katika barua ya Agosti mwaka huo alijilinganisha na mlezi wa yatima aliyetumia fedha za mtoto kununua shamba la jirani, akitumaini kwamba mtoto akikua atasema ulifanya vema. Walezi wa mali za yatima tunawafahamu, na si wote wanaomaliza hesabu vizuri. Seneti ilipitisha mkataba Oktoba 1803 kwa kura 24 dhidi ya 7, na tangu hapo hakuna Rais wa Marekani aliyeona haja ya kubadili Katiba ili aongeze nchi.

Hispania ililalamika kwamba imevunjiwa ahadi, na ilikuwa na haki. Bendera yake ilikuwa bado inapepea New Orleans. Iliteremshwa Novemba 30, ikapandishwa ya Ufaransa. Desemba 20 ikateremshwa ya Ufaransa, ikapandishwa ya Marekani. Muuzaji alikaa na mali yake siku 20, miezi saba baada ya kuiuza.

Kuhusu mipaka, Wamarekani walimwuliza Talleyrand iko wapi. Aliwajibu kwamba wamejipatia biashara nzuri, na bila shaka wataitumia ipasavyo. Tafsiri yake: bikoni mtaziweka wenyewe. Ilichukua miaka 15 kupatana na Uingereza upande wa kaskazini, na 16 kupatana na Hispania upande wa kusini na magharibi. Safari maarufu ya Meriwether Lewis na William Clark, iliyoondoka Mei 1804 na kurudi Septemba 1806, ilikuwa kwa kiasi fulani ni safari ya mnunuzi kwenda kuangalia kilichomo kwenye gunia.

Kilichouzwa si ardhi

Turudi kwa yule anayelima mihogo ndani ya kiwanja.

Mwaka 1803 Wazungu waliikalia sehemu ndogo sana ya Louisiana: New Orleans na mashamba ya kandokando ya mto, St. Louis, na vituo vichache vya biashara ya ngozi. Kwingine kote wenyewe walikuwa Osage, Quapaw, Caddo, Pawnee, Mandan, Lakota na mataifa mengine mengi. Osage ndio waliotawala nyanda za Missouri na Arkansas, na mfanyabiashara Mfaransa aliyetaka kupita aliwaomba wao, hakumwomba gavana.

Napoleon angeuzaje basi ardhi ya Osage? Hakuiuza. Mkataba wenyewe, ukiusoma hadi kifungu cha 6, unaahidi kwamba Marekani itaheshimu mikataba iliyokuwepo kati ya Hispania na mataifa ya wenyeji, mpaka mingine ipatikane kwa ridhaa ya pande mbili. Kwa maneno mengine, waliotia saini walijua kuna wenye ardhi. Kilichobadilisha mikono Paris kilikuwa dai: haki ya kuwaambia Waingereza, Wahispania na Warusi kwamba hapa pana mnunuzi mmoja tu anayeruhusiwa. Wazungu walikuwa wamekubaliana wao kwa wao kwamba anayefika kwanza na bendera anapata haki ya pekee ya kuichukua ardhi kwa wenyeji, kwa kuinunua au kwa vita. Mwaka 1823 Jaji Mkuu John Marshall aliiandika kanuni hiyo wazi kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu, katika kesi ya Johnson dhidi ya M'Intosh: wenyeji wanaweza kuikalia ardhi, lakini wa kuuziwa ni serikali ya Marekani peke yake.

Sisi wa pwani hii tuna mfano wetu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, na Wajerumani wakamlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani ya Tanganyika. Watu wa Pangani na Bagamoyo, waliokuwa wametoka tu kupigana chini ya Abushiri, hawakuwa upande wowote wa karatasi hiyo.

Kwa hiyo zile senti 3 kwa ekari hazikuwa bei ya ardhi. Ilikuwa ada ya kuingia sokoni ukiwa peke yako. Na soko likiwa na mnunuzi mmoja, bei anapanga yeye. Mwaka 1808 Osage walitia saini mkataba uliowaondolea sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas za leo, kwa ahadi ya mhunzi, kinu, ngome ya biashara na bidhaa za dola 1,500 kila mwaka. Quapaw walitoa yao mwaka 1818. Mikataba ikafuatana hivyo kwa miongo, na serikali ikageuka na kuiuza ardhi ile ile kwa walowezi: dola 2 ekari kwa sheria ya mwanzo, dola 1.25 kuanzia 1820. Sasa hesabu ya faida ndiyo hiyo.

Hapo ndipo ununuzi ulipojenga taifa. Wapimaji walifuata na minyororo yao, wakaikata nchi katika miraba ambayo bado unaiona leo ukipita juu kwa ndege, mashamba yamepangwa kama draftini. Mauzo ya ardhi yaliipa serikali mapato, na kila eneo lililojaa watu likawa jimbo lenye maseneta wawili sawa na jimbo kongwe. Louisiana ilipokaribia kuingia mwaka 1812, mbunge Josiah Quincy wa Massachusetts alikuwa amekwisha kuonya kwamba muungano utavunjika. Watu wa kaskazini mashariki waliona taifa lao linahama bila wao. Meli za mvuke zilianza kupanda na kushuka Mississippi mwaka huo huo, na kufikia 1840 New Orleans ilikuwa mji wa tatu kwa ukubwa nchini.

Pamba, sukari na jora la merekani

Kilichoijaza bandari hiyo hakikuwa ngano ya Kentucky peke yake. Ilikuwa pamba, na juu kidogo ya mji, sukari. Wapandaji waliokimbia Saint-Domingue walikuja Louisiana na ujuzi wa miwa, wengine na watumwa wao. Mwaka 1809 wakimbizi hao waliofukuzwa Cuba, zaidi ya 9,000, waliingia New Orleans na kuufanya mji karibu uwe mara mbili. Kwa hiyo mapinduzi yaliyovunja utumwa kisiwani ndiyo yaliyoifungulia Marekani nchi mpya, na nchi hiyo ikajazwa utumwa. Mwaka 1811 watumwa wa mashamba ya miwa karibu na New Orleans waliasi wakiongozwa na Charles Deslondes, wakaandamana kuelekea mjini. Walizimwa, na vichwa vya wengi vikatundikwa kwenye miti kandokando ya mto.

Uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku Marekani yote mwaka 1808, lakini biashara ya ndani ikapamba moto. Watu waliuzwa kutoka Virginia na Maryland kwenda kusini, na New Orleans ikawa soko lao kubwa kuliko yote.

Pamba yao ilitufikia. Ilishuka mto, ikapakiwa New Orleans, na sehemu yake ikapelekwa viwanda vya Massachusetts vilivyofuma kitambaa kigumu kisichopaushwa. Wafanyabiashara wa Salem walikileta Zanzibar, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kilipendwa kwa sababu hakikuisha, na wazee wakakiita kwa jina la kilikotoka: merekani. Majora ya merekani yalibebwa vichwani na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, yakawa ndiyo fedha ya barabara ile, ya kununulia chakula, pembe za ndovu na watu. Kitambaa kilichotoka kwenye jasho la watumwa wa upande mmoja wa dunia kikabadilishwa na watumwa wa upande mwingine. Miaka ya 1860 vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilipoizuia pamba ya Kusini, merekani iliadimika, na vitambaa vya India vikaziba pengo.

Vita hivyo navyo vilichimbuka humo humo. Kila kipande cha Louisiana kilipotaka kuwa jimbo, swali lilikuwa moja: la watumwa au la watu huru? Mwaka 1820 walipatana kuhusu Missouri, wakachora mstari kwenye latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, kaskazini yake pasiwe na utumwa isipokuwa Missouri yenyewe. Mwaka 1854 mstari ukafutwa na Kansas ikamwaga damu. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilimnyima uhuru mtumwa Dred Scott, aliyedai kwamba aliishi Fort Snelling, ndani ya Louisiana ya zamani, upande ambao utumwa ulikatazwa. Miaka minne baadaye mizinga ikalia.

Gunia halijafungwa

Osage walisukumwa magharibi hadi Kansas, kisha wakaondolewa na huko. Miaka ya 1870 walifanya jambo ambalo wachache walilitarajia: wakanunua. Kwa fedha zilizotokana na ardhi yao ya Kansas, walinunua kutoka kwa Cherokee karibu ekari milioni 1.5 katika Oklahoma ya leo, kwa senti 70 kila ekari. Cherokee wenyewe walikuwa wamehamishiwa upande huo kwa nguvu kutoka mashariki, maelfu wakifia njiani. Na ardhi hiyo ilikuwa ya Osage tangu mwanzo. Waliitoa kwa mkataba kabla ya nusu karne, sasa wakailipia mara 20 na zaidi ya bei ya Napoleon. Kwa kuwa waliinunua, waliweza kushikilia madini ya chini yake, na mafuta yalipopatikana wakawa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote duniani kwa muda, jambo lililowaletea wauaji mlangoni.

Kaskazini zaidi ni Milima Myeusi ya Dakota Kusini, mahali patakatifu pa Lakota. Mkataba wa 1868 uliwaachia, na ukasema hakuna sehemu itakayotolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana. Mwaka 1877 Kongresi ikaichukua milima, saini zilizopatikana zikiwa kama moja ya kumi tu ya wanaume hao.

Lakota walikwenda mahakamani na kukaa huko miongo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliwapa haki, ikaamuru walipwe thamani ya 1877, dola milioni 17 na ushei, pamoja na riba ya zaidi ya miaka 100: jumla zaidi ya dola milioni 100. Wakakataa kuzipokea. Fedha ziko hazinani Washington, zinazaa riba, na zimeshapita bilioni 1. Lakota wamo miongoni mwa watu maskini kabisa wa Marekani, na kila wanapoulizwa kwa nini hawazichukui wanajibu kwamba hawakuwahi kuiuza milima ile.